Kikosi Kibovu au Uongozi Mbovu? Miaka Tisini ya Ubishi wa Msimbazi na Jangwani

Klabu ya Simba ilizaliwa na ugomvi juu ya timu iliyokuwa ikifanya vibaya. Masimulizi waliyorithi watu wa Kariakoo yanasema kwamba katikati ya miaka ya 1930 Waafrika wa Dar es Salaam walikuwa na timu yao, New Youngs. Timu hiyo ikateleza hadi daraja la pili, na wenyewe wakaanza kutafutana lawama. Mwaka 1935 ikasukwa upya kwa jina la Young Africans, ambayo mji mzima ukaiita Yanga. Mwaka uliofuata wenye kinyongo wakajitenga na kuunda Queens. Queens ikawa Eagles, Eagles ikawa Dar Sunderland, na mwaka 1971 Sunderland ikawa Simba.

Miaka tisini imepita na swali la wale wazee halijapata jibu la kudumu. Timu ikipoteza mechi mbili mfululizo, kwenye benchi la kahawa Magomeni au kwenye kibaraza cha Temeke litaulizwa lile lile: tatizo ni wachezaji, au ni wanaowaongoza? Mpangilio wa lawama nao haubadiliki. Kwanza anashikwa kipa. Baada yake beki wa kati, halafu mshambuliaji aliyesajiliwa kwa mbwembwe na sasa anaitwa garasa. Kocha hupewa wiki mbili au tatu. Viongozi hufikiwa mwisho kabisa, hasira zikiwa zimeshapoa na dirisha la usajili limekaribia.

Nimeipitia historia ya klabu hizi mbili kwa jicho la swali hilo, na nimefika mahali pa kusema bila kusita: mara nyingi kikosi kilikuwa kizuri, ila nyumba ndiyo ilikuwa na ufa. Shabiki huanza kwa mchezaji kwa sababu mchezaji ndiye anayeonekana. Lakini pia nasema kwamba ubishi wa mashabiki, pamoja na makosa yake yote, ndio ukaguzi uliozibana klabu hizi kwa miaka mingi kuliko ukaguzi mwingine wowote. Tuutazame kwa heshima hiyo.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Sunderland ikatwaa mataji mawili ya kwanza, Cosmopolitans ikachukua la 1967, na tangu 1968 hadi 1972 Yanga ikabeba mara tano mfululizo. Ndani ya kipindi hicho, Juni 1, 1968, Yanga iliifunga Sunderland mabao 5-0. Kwa mpenzi wa Sunderland ile miaka mitano ilikuwa shule ngumu. Redio ilikuwa moja, magazeti machache, na aliyekosa nafasi ya kuingia uwanjani alitegemea simulizi ya aliyeingia. Ubora wa kikosi ulipimwa kwa kusikia. Kipa aliyefungwa bao ambalo watu elfu kumi tu waliliona aliweza kuhukumiwa na nchi nzima, na hakuwa na namna ya kujitetea.

Yanga wenyewe walipata uchungu wao nje ya nchi. Mwaka 1969 walifika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika wakakutana na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi zote mbili ziliisha 1-1, na kwa sheria za wakati ule shilingi ikarushwa. Ikaangukia upande wa Kotoko. Sijapata kusikia mzee wa Yanga akilaumu kikosi kile. Pale ambapo hakuna mtu wa kumnyooshea kidole, mashabiki wetu hujua kusikitika bila kutafuta mchawi, na hilo ni jambo la kuwapa sifa.

Mwaka 1974 ndio unaonivutia zaidi katika zama zile. Simba walikuwa mabingwa wa 1973, na ubingwa wa 1974 uliamuliwa kwenye uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba na Yanga zikitazamana ana kwa ana. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Gibson Sembuli akasawazisha mpira ukielekea ukingoni, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Wapenzi wa Simba waliobahatika kuiona mechi ile waliisimulia kwa watoto wao kama msiba wa ukoo. Basi kwa hesabu ya kijiweni kikosi cha Simba cha 1974 kilikuwa kikosi kilichoshindwa. Lakini mwaka huo huo Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, hatua ambayo haijaifikia tena katika mashindano hayo. Iliifunga Mehalla ya Misri 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 ugenini, ikatolewa kwa penalti. Wachezaji waliolia Nyamagana ndio waliosimama penalti chache kabla ya fainali ya Afrika. Mtu akiniambia timu fulani ni mbovu kwa sababu imekosa ubingwa, namkumbusha mwaka huo.

Kisa cha Yanga kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ndicho kinachoeleza vizuri zaidi namna timu inavyokufa huku wachezaji wake wakiwa wazima. Januari 1975 Yanga ilikuwa juu ya kila mtu: mabingwa wa Tanzania, na huko Zanzibar wakaifunga Simba 2-0 katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Ndani ya mwaka mmoja na ushei klabu ile ikapasuka. Mzozo ulimzunguka kocha Tambwe Leya kutoka Zaire na kuwagawa viongozi, wanachama na wachezaji. Upande mmoja uliitwa Raizoni, kwa viatu vya soli ndefu vya vijana wa mjini wa wakati ule. Upande wa pili ukaitwa Kandambili. Raizoni wakaondoka na kuanzisha Pan African. Waliovaa jezi ya Pan ni pamoja na Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na kipa Juma Pondamali, watu ambao mwaka 1980 walikuwa Lagos na Taifa Stars katika fainali za kwanza za Mataifa ya Afrika kwa Tanzania. Kwa maneno mengine, Yanga ilitoa nje ya mlango wake uti wa mgongo wa timu ya taifa.

Waliobaki Jangwani, makao ya Yanga, walijaza nafasi kwa vijana. Julai 19, 1977 vijana hao wakaingizwa uwanjani dhidi ya Simba iliyokuwa imeshiba. Abdallah Kibadeni akafunga matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na jingine Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Sita bila. Hakuna ushindi mkubwa zaidi katika mechi za watani hawa hadi leo, na shabiki wa Simba aliyezaliwa miaka thelathini baadaye bado anautaja.

Jioni ile, kikosi cha Yanga kilikuwa kibovu? Kwa matokeo, ndiyo. Lakini ubovu wake ulikuwa umeandikwa mwaka mmoja nyuma, ofisini, na watu ambao hawakugusa mpira. Vijana wale walifungwa sita kwa deni lisilokuwa lao. Na ushahidi ulikuja wenyewe: mwaka 1981 Yanga ikarudi kuwa bingwa, na mwaka 1982 bingwa akawa Pan African. Pande zote mbili za ugomvi zilikuwa na mpira wa kutosha kutwaa taji. Kama wangebaki nyumba moja, sina shaka kwamba mfululizo wa Simba wa mataji matano, 1976 hadi 1980, usingekuwepo.

Simba nao ndani ya utawala wao walionja namna kikosi kimoja kinavyoweza kuhukumiwa mara mbili kwa majibu yanayopingana. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja Dar es Salaam ikaifunga Simba 4-0. Hebu fikiria mazungumzo ya Kariakoo usiku ule: mabeki wamechoka, kipa ameuza, viongozi wamekula. Timu ikaondoka kwenda Zambia wengi wakiwa wameshaizika. Huko ikashinda 5-0, Thuwein Ally akifunga matatu, na Simba ikasonga mbele. Miguu ilikuwa ile ile. Nataja mechi hizi mbili kila ninapomsikia mtu akitaka timu yote ifukuzwe baada ya dakika tisini.

Miaka ya 1980 ubingwa ulianza kutoroka Kariakoo. Tukuyu Stars kutoka Mbeya walipanda daraja na kulibeba taji la 1986. Coastal Union ya Tanga wakalichukua 1988. Kipindi hicho ndicho Simba walichungulia shimo la kushuka daraja. Julai 1988 ndio iliyowaokoa, walipoifunga Yanga 2-1 katika mechi ambayo Yanga nao waliihitaji kwa ajili ya ubingwa. Wapenzi wa Simba wanaikumbuka kama sherehe. Mimi huiona kwa huzuni: klabu iliyocheza nusu fainali ya Afrika, miaka kumi na minne baadaye ilikuwa ikipigania uhai wake siku ya mwisho. Nchi ilikuwa katika ukata, klabu hazikuwa na mapato zaidi ya viingilio vya mlangoni, na mchezaji aliishi kwa hisani ya mwanachama mwenye duka au gari. Mashabiki walikuwa wakijadili viwango vya watu ambao hawakujua watakula nini Jumatatu.

Wafanyabiashara walipoingia, ubishi ulipata sura nyingine. Mwaka 1993, chini ya ufadhili wa Azim Dewji, Simba ya akina Mohamed Mwameja, George Masatu, Hussein Marsha na Malota Soma ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka Abidjan na sare ya 0-0 dhidi ya Stella Adjamé. Kombe lilikuwa limebaki hatua moja, nyumbani, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa jukwaani. Simba wakafungwa 2-0, na jina la Boli Zozo, mshambuliaji wa Stella, likabaki midomoni mwa watu kwa miaka mingi. Baada ya hapo nchi ilizungumza kuhusu hujuma zaidi ya kuhusu mpira. Nani alihongwa, nani alilala wapi, nani aliwatia wachezaji hofu. Wachache mno walisema kwamba Stella ilikuja na mpango, ikaziba njia na kusubiri nafasi. Sikubaliani na tabia hii ya kutafuta msaliti kila tunaposhindwa, kwa sababu msaliti akishapatikana hakuna mtu anayeuliza tena mazoezi yalikuwaje wala wapinzani walichunguzwa vipi.

Zipo nyakati ukata na kelele vyote vilishindwa kuizuia timu. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo ikiwa na Juma Kaseja golini, ikaitoa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti. Nayaacha haya kwa haraka kwa sababu furaha haihitaji uchambuzi mrefu. Timu ikishinda, hata kijiwe hufunga mapema.

Somo kubwa la karne hii kwa upande wa Simba linaanzia kwenye ushindi. Mei 6, 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0. Emmanuel Okwi alifunga mawili, na penalti tatu zikawekwa wavuni na Patrick Mafisango, Felix Sunzu na kipa Kaseja. Msimbazi, makao ya Simba, walikesha, na ubingwa walikuwa nao mkononi. Ungemwambia shabiki yeyote wa Simba usiku ule kwamba atakaa misimu mitano bila kuliona tena taji la ligi, angekufukuza. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mbwana Samatta alikuwa ameshaondoka mwaka 2011 kwenda TP Mazembe. Mafisango alifariki kwa ajali ya gari siku kumi na moja tu baada ya mechi ile. Januari 2013 Okwi akauzwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, fedha ambazo ziligeuka kuwa kesi ya muda mrefu FIFA. Kaseja naye akaenda Yanga. Nguzo za kikosi kilichoipa klabu tano bila zikaondoka, na waliokuja hawakuwa wa kiwango kile. Msimu wa 2013/14 Simba ilimaliza nafasi ya nne, bingwa akiwa Azam FC, klabu iliyopanda ligi kuu mwaka 2008 tu. Azam ilikuwa na uwanja wake Chamazi na mishahara iliyolipwa kwa wakati.

Ujio wa Azam uliwafundisha mashabiki wa klabu kongwe kuuliza maswali mapya. Hadi hapo mtu wa Simba alijilinganisha na Yanga tu, na wote wawili walikuwa na maradhi yale yale. Sasa palikuwa na jirani mwenye uwanja wa mazoezi, mabweni na ratiba. Na mwaka huo huo 2013 matangazo ya ligi kupitia Azam TV yakaanza. Watu wengi hawajaupima uzito wa jambo hili. Bao la kizembe sasa lilirudiwa mara tano, polepole, na mtu wa Mtwara, Kigoma na Bukoba aliona alichoona mtu wa jukwaani. Madai ya kipa kuuza mechi yakaanza kupungua makali, kwa sababu picha ilionyesha kwamba kabla ya kipa, kiungo mkabaji hakurudi, na beki wa kulia alikuwa amepanda. Vipindi vya michezo vya redio vya asubuhi vikajaa wachambuzi. Bodaboda wa leo anazungumzia presha ya juu na nafasi kati ya mistari kwa ufasaha ambao mwandishi wa gazeti wa mwaka 1980 hakuwa nao. Ubishi umepanda daraja hata pale timu ilipokuwa ikishuka.

Upande wa Jangwani kipigo cha 2012 kilileta mageuzi ya haraka. Julai mwaka ule Yusuf Manji alichaguliwa mwenyekiti wa Yanga, na fedha zake zikabadili kikosi. Ubingwa wa 2012/13 ukapatikana, kisha mataji matatu mfululizo kuanzia 2014/15. Hapo Yanga wakafanya kosa la kutegemea mfuko wa mtu mmoja. Mei 2017 Manji alijiuzulu na klabu ikabaki uchi. Msimu uliofuata walimaliza nafasi ya tatu, mishahara ikachelewa, wachezaji wakagoma mazoezi, na wazuri wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Kipindi kile ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya mashabiki wa Tanzania, ingawa Yanga hawakupata taji. Kocha Mwinyi Zahera, mzaliwa wa Kongo, alizunguka akiwaomba wapenzi waichangie timu yao, na watu wakatuma fedha kwa simu. Mama lishe, makuli wa sokoni, walimu wa sekondari, kila mtu na chake. Timu iliyojaa wachezaji ambao kijiwe cha Simba kiliwaita vibabu na wa kuokoteza ilimaliza nafasi ya pili msimu wa 2018/19. Ninaposikia watu wakisema mashabiki wetu ni mabingwa wa kulalamika tu, nawakumbusha msimu huo. Walilalamika, ndiyo, kwa haki kabisa. Na walilipa.

Wakati huo Simba ilikuwa imepata dawa yake. Desemba 2017 wanachama walikubali Mohamed Dewji awe mwekezaji kwa asilimia 49 ya hisa, kwa shilingi bilioni 20. Mataji manne mfululizo yakafuata, kutoka 2017/18 hadi 2020/21, na robo fainali mbili za Ligi ya Mabingwa Afrika. Clatous Chama wa Zambia na Luis Miquissone wa Msumbiji walifanya mpira wa Msimbazi uwe wa kutazamika hata na mtu wa Yanga, ingawa asingekubali hadharani.

Agosti 2021 wote wawili wakauzwa, Miquissone kwa Al Ahly na Chama kwa RS Berkane. Oktoba mwaka ule Simba walirudi kutoka Botswana na ushindi wa 2-0 dhidi ya Jwaneng Galaxy, wakafungwa 3-1 nyumbani na kutolewa. Kocha Didier Gomes akaondoka. Yanga nao mwezi mmoja kabla walikuwa wametolewa na Rivers United ya Nigeria kwa kufungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini, kikosi kikiwa kimejaa wageni: Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala, Djuma Shabani, Fiston Mayele. Nakumbuka maneno ya wakati ule kuhusu kikosi hicho. Kwamba wamekuja kumalizia umri wao Dar es Salaam. Kwamba GSM, wadhamini wa Yanga, wametupa fedha. Kabla ya msimu kwisha kikosi hicho kilikuwa kimetwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, na mwaka 2023 kikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kikaifunga USM Alger 1-0 kwao Algiers na kukosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Hukumu ya Septemba 2021 ilitolewa miezi tisa mapema mno. Kocha Nasreddine Nabi aliachwa afanye kazi, na kuachwa huko ndiko kulikomfanya Mayele aonekane Mayele.

Msimbazi hawakuwa na subira hiyo. Baada ya Gomes alikuja Pablo Franco, akaja Zoran Maki, Juma Mgunda akashika usukani kwa muda, kisha Roberto Oliveira, Robertinho. Kila kocha alitaka watu wake, na kila dirisha lilileta watu wa kocha aliyekwisha kuondoka. Kikomo cha wachezaji wageni 12 kwa kila klabu kiliwapa viongozi nafasi nyingi za kukosea kwa gharama kubwa. Novemba 5, 2023 Yanga wakashinda 5-1. Maxi Nzengeli alifunga mawili, na Kennedy Musonda, Stephane Aziz Ki na Pacôme Zouzoua moja moja. Robertinho alifukuzwa siku chache baadaye, naye Abdelhak Benchikha aliyemrithi hakufika mwisho wa msimu. Simba ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam, ikakosa Ligi ya Mabingwa.

Sasa sikiliza ubishi wa mashabiki wa Simba wa katikati ya mwaka 2024, maana ulikuwa wa hali ya juu. Kundi moja lilisema tatizo ni wachezaji waliokwisha kula na kushiba, waondolewe wote. Kundi jingine likasema kwamba wachezaji walisajiliwa na mtu, na mtu huyo atasajili tena. Hoja ya pili ndiyo niliyoiona nzito. Viongozi wakafuata ya kwanza: karibu timu nzima ikabadilishwa, vijana wakaletwa, Chama akaenda Yanga, na Fadlu Davids wa Afrika Kusini akapewa benchi. Safari hii jambo la maana ni kwamba vijana wale waliachiwa kocha mmoja msimu mzima. Wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, wakafungwa na RS Berkane 2-0 Morocco na kutoka sare 1-1 Zanzibar. Mwezi mmoja baadaye, Juni 25, Yanga wakawafunga 2-0 na kubeba ubingwa wa nne mfululizo.

Kwa hiyo Simba ya 2025, kama ile ya 1974, ilikosa ligi kwa mtani na kufika mbali Afrika ndani ya msimu mmoja. Ni timu mbovu? Mpenzi wa Simba aliyechoka kutaniwa kazini atakuambia ndiyo, na namwelewa kwa moyo wangu wote. Miaka minne ya kuitwa majina si mchezo. Lakini kikosi kilichofika fainali ya bara hakivunjwi kwa hasira ya Juni. Kinachotakiwa kukaguliwa ni orodha ya wachezaji waliosajiliwa tangu 2021, bei zao, aliyewapendekeza, mechi walizocheza, na fidia walizolipwa walipoondoka. Hilo ndilo swali ambalo wanachama wenye asilimia 51 wana haki ya kuliuliza kwenye mkutano mkuu na kujibiwa kwa takwimu.

Badala yake klabu zote mbili zimejenga ustadi wa kuwapoza mashabiki. Kuna Simba Day tangu 2009 na Wiki ya Mwananchi tangu 2019, ambapo wachezaji wapya hutambulishwa kwa ngoma na fataki. Msemaji wa klabu naye amekuwa mtu maarufu kuliko katibu. Haji Manara, mtoto wa yule Sunday aliyeizamisha Simba Nyamagana, aliisemea Simba kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia Yanga mwaka 2021. Napenda shamrashamra hizi, ni sehemu ya raha ya mpira wetu. Hata hivyo uwanja wa watu 60,000 uliojaa Agosti haujawahi kuambiwa hapo hapo klabu imetumia kiasi gani na kwa nani.

Mwanachama wa 1976 alikuwa na kadi, alihudhuria mkutano, na alipokasirika aliweza kuondoka na nusu ya timu. Ilikuwa nguvu kubwa mno, na iliivunja klabu yake mwenyewe. Mwanachama wa leo ananunua jezi, analipia king'amuzi, anatuma mchango akiombwa, na nguvu yake imebaki kwenye simu na kijiweni. Kati ya hali hizo mbili klabu zetu hazijapata mahali pa kutulia. Simba na Yanga zichapishe hesabu za usajili kila mwisho wa msimu, mchezaji kwa mchezaji, na kocha apewe mkataba usiovunjwa kwa mechi moja ya watani. Ubishi hautakwisha kwa hilo, wala sitaki uishe. Utakuwa tu na kitabu mezani cha kufungua, pale mzee mmoja atakapodai kwamba mshambuliaji ni garasa na mwenzake akamjibu, shekhe, hebu tuone nani alimleta.